Yah: Maombi ya Kurejeshewa Mtoto wa Juu ya Bati

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kampuni ya ving'amuzi (jina nimelisitiri, risiti ninazo).

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ndugu Mkurugenzi, mimi ni mteja wenu mtiifu tangu 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tukaahidiwa kwamba chenga basi tena. Kweli, chenga sijaziona. Naona kioo cha bluu na maandishi yanayonitaka nilipie kifurushi nilicholipia asubuhi. Pesa imekatwa, ujumbe wa shukrani umeingia, picha hakuna. Nikipiga simu naambiwa nichomoe kadi, niipanguse, niichomeke tena. Kadi yangu sasa ni safi kuliko sahani zangu.

Kwa heshima na taadhima, naomba mnirudishie yule mtoto.

Mnamkumbuka. Televisheni zilipoanza Bara mwaka 1994, mtaani kwetu kila nyumba yenye seti ilikuwa na mtoto wake juu ya bati, kakumbatia mlingoti wa antena. "Bado!" Anazungusha kuelekea msikitini. "Inakuja, inakuja... umepitiliza, rudisha!" Anarudisha. "Hapo hapo! Usiguse!" Akiachia mkono picha inaondoka, basi anabaki huko huko, sehemu ya mtambo, dakika tisini, akisimuliwa magoli kupitia dirishani. Huduma ilitolewa kwa Kiswahili bila kubonyeza moja. Malipo yalikuwa andazi, na sijapata kumsikia mtoto aliyekula andazi akadai halijasoma kwenye mfumo.

Najua sheria hairuhusu kumwajiri mtoto mdogo. Nipeni mtu mzima. Nipeni yule dada wa "simu yako ni muhimu sana kwetu". Apande saa saba mchana, bati likiwa limeiva, ashike mlingoti, nami nitamjulisha kila baada ya dakika mbili kwamba yeye pia ni muhimu sana kwangu, aendelee kusubiri. Muziki nitampigia mwenyewe.

Pia mrudishe wimbo wa taifa wakati wa kufunga matangazo. Na rimoti ije na kamba.

Mama yangu ana miaka 78. Ikikaribia saa mbili usiku hujifunga khanga yake vizuri, akaisubiri taarifa ya habari kama anayepokea mgeni. Juzi alikaa mbele ya bluu yenu mpaka saa tatu, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni yeye aliyeiharibu. Mmekula hela ya bibi kizee mchana, usiku mkamwachia na lawama. Hamna haya!

Niwie radhi, Ndugu Mkurugenzi, kalamu imeteleza. Mlingoti bado upo, tumeufungia kamba ya kuanikia nguo, nguo nitaanua. Ngazi nitaazima kwa jirani. Huyo dada afike kabla ya mechi ya Jumamosi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mteja mwenye kadi safi

Nakala: Fundi maandazi, kwa utekelezaji.