Difu Inavuja: Mwongozo kwa Mwenye Gari Anayesema "Ni Jasho Tu"

Hatua ya kwanza ni kuacha kusema ni jasho. Difu haitoi jasho. Ile mistari myeusi inayoshuka kutoka puani mwa difu, ikashika vumbi la barabara ya Jitoni mpaka ikawa tope gumu, ni oili inayotoka mahali ilipopaswa kukaa. Jomvu Kuu nzima inalitambua gari lako kwa doa linaloliacha kila linapolala. Umeweka kadibodi chini, ukaibadilisha ilipolowa, ukaweka nyingine. Kadibodi haijawahi kutengeneza difu ya mtu yeyote, na dua ya asubuhi kabla ya kuwasha injini haikazi nati.

Mwongozo huu ni wa magari ya foo-wili yanayofanya kazi: pikapu za Land Cruiser zinazofuata mawe Mazeras, Land Rover za urithi zinazopanda Rabai, Hilux zinazoshushwa hadi ukingo wa hori maji yakipwa ili zipakie samaki au boti. Haya ndiyo magari yanayosifiwa kwamba hayafi, na kwa sababu ya sifa hiyo wenyewe huyanyima matunzo ambayo wangempa hata mbuzi. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilitoka mwaka 1984 na bado zinaundwa. Hapo Miritini, mwendo mfupi kutoka kwetu, kuna kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kinachounganisha magari ya aina hiyo. Tunaishi jirani na watu wanaozifunga gari hizi boliti kwa boliti, na maduka ya spea ya Changamwe na ya kisiwani Mombasa yako karibu. Hakuna mtu wa Jomvu anayeweza kusema sili imekosekana.

Basi jifunze unachokitafuta. Difu ndiyo inayoruhusu gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani gari linapokata kona. Hati miliki yake katika umbo tunalolijua ilichukuliwa na mtengeneza saa Mfaransa, Onésiphore Pecqueur, mwaka 1827. Mwaka 1926 kampuni ya Packard ya Marekani ikaleta gia ambazo pinioni yao imeshushwa chini ya kitovu cha krauni. Meno ya gia hizo hayagusani tu, yanasuguana kwa mtelezo na kwa shinikizo kubwa, kwa hiyo yanahitaji oili nzito yenye viungo vya salfa. Hapo ndipo ilipotoka ile harufu kali unayoipata ukifungua difu. Nayo ndiyo kipimo chako cha kwanza: chovya kidole kwenye uvujaji, unuse. Ikinuka salfa, ni oili ya difu. Kama hainuki hivyo, chunguza breki na giaboksi kabla hujamsingizia mwingine.

Usipime juu ya uchafu. Osha difu nzima kwa brashi na mafuta ya taa, ikaushe, endesha mpaka ipate joto, kisha ingia chini utazame. Gari lililofunikwa tope la miaka mitatu huvuja kila mahali kwa macho ya mtu mvivu. Ukiona oili imetoka mbele, pale propela inapoingia, ni sili ya pinioni. Ukiiona nyuma ya tairi, upande wa ndani, imelowesha mpira au dramu, ni sili ya shafti ya gurudumu. Na kama ni Land Cruiser yenye ekseli ngumu mbele, tazama lile bakuli la mviringo nyuma ya gurudumu la mbele: likitoa uchafu mweusi mlaini, grisi iliyochanganyika na oili, basi sili ya ndani imeachilia oili ya difu kuingia penye grisi. Hiyo ni kazi ya siku nzima na inataka fundi aliyewahi kuifanya. Usimpe kijana ajifunzie kwako.

Sasa tunafika mahali ambapo wenye magari wengi wanatia aibu. Umenunua sili mpya, fundi ameifunga, siku chache baadaye inavuja. Umenunua nyingine. Inavuja. Umeapa kwamba spea za siku hizi ni bandia, umegombana na mwenye duka mbele ya watu, na katika muda wote huo hakuna aliyeinua macho kutazama kipumulio.

Kipumulio ni kitu kidogo juu ya ekseli, mara nyingi kina kifuniko cha chuma kinachochezacheza, au bomba jembamba linalopanda kuelekea bodi. Kazi yake ni kuacha hewa itoke na kuingia. Difu ikipata moto barabarani, hewa iliyo ndani hutanuka. Kipumulio kikiwa kimezibwa na tope la Rabai au kutu ya chumvi, hewa hiyo haina njia isipokuwa kusukuma oili kupitia mdomo wa sili, hata sili hiyo ikiwa mpya na halisi. Unaweza kununua sili za duka zima na bado utavuja.

Na kuna baya zaidi ya hilo, hasa kwetu tunaoshuka majini. Gari limetoka Mazeras na mzigo, ekseli zinachoma mkono, kisha dereva analitia moja kwa moja kwenye maji ya hori afike kwenye boti. Ekseli inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na difu inavuta. Kipumulio kikiwa kimeziba, au kikiwa chini ya maji, inavuta maji ya chumvi. Ukifungua boliti wiki ya pili, oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Maji hayo huondoa utando unaolinda beringi na meno, na chumvi hula chuma pole pole wakati gari limeegeshwa. Mwenye gari husikia mlio akiwa njiani, akaongeza sauti ya redio.

Kwa hiyo kabla ya spana yoyote, panda na kidole chako juu ya ekseli. Kifuniko kikigoma kuzunguka, kitoe, kisafishe au nunua kingine. Kama kazi yako ni ya majini, refusha bomba: chukua mpira unaohimili oili, ufunge kwenye kipumulio, uupandishe hadi ndani ya boneti au nyuma ya taa, ukiacha ulegevu wa kutosha ekseli ikipanda na kushuka. Ni kazi ya bei ya mpira na klipu mbili. Na ukitaka kuvuka maji, egesha kwanza, ekseli zipoe. Boti itangoja.

Baada ya kipumulio, shika pinioni ya difu. Legeza propela, kamata flenji kwa mkono, isukume juu na chini, ndani na nje. Ikicheza, sili si mgonjwa wako. Beringi za pinioni zimechoka, shafti inayumba, na mdomo wa sili hauwezi kufuata kitu kinachotangatanga. Kubadilisha sili peke yake hapo ni kuwapa wauza spea sadaka. Tafuta beringi.

Ikiwa haichezi, endelea, lakini fungua boliti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Nalisema hili kwa uzito wote nilio nao. Boliti ya kujazia hukaa miaka bila kuguswa, hushikwa na kutu, na hukataa. Ukimwaga oili kwanza kisha boliti ya juu ikagoma, una gari lisilo na oili na tundu lisilofunguka, na Ijumaa mchana hakuna fundi atakayeacha swala aje akuokoe. Ikigoma, ipake mafuta ya kulegeza kutu, subiri, jaribu tena. Mpaka ifunguke, oili ya zamani ikae ndani.

Kisha nati ya pinioni. Hapa nataka nimwambie kila mwenye gari neno moja: kaa karibu na utazame. Nati ile haishikilii flenji tu. Katika difu nyingi, kukaza kwake kunaamua beringi za pinioni zinabanwa kiasi gani, kupitia bomba laini la chuma lililo ndani linalojikunja kidogo linapokazwa mara ya kwanza. Ikikazwa kupita kiasi, beringi zinapata moto na kufa. Ikilegea, pinioni inayumba, meno yanalia, na krauni inafuata. Kwa hiyo weka alama ya patasi au rangi juu ya nati, juu ya shafti na juu ya flenji kabla ya kulegeza, hesabu nyuzi zinazoonekana, na pima uzito wa kuzungusha pinioni kwa spana ya kupimia. Alama zikirudi zilipokuwa, umerudi karibu sana na ulipoanza. Difu nyingine hutumia vibati vya kupanga unene badala ya lile bomba, nazo zina hesabu yake. Kitabu cha gari lako ndicho kinachojua, na kitabu si cha kuwekea gilasi.

Kuna fundi atakayekaza nati "mpaka ikatae". Mwondoe kwenye gari lako kwa adabu. Mwambie, "Ahsante, fundi, hapo nitamalizia mwenyewe," umpe pesa ya soda, umwite anayeweka alama. Nati ya difu haijui ushujaa, na bomba la mita moja na nusu lililovishwa kwenye spana si ushahidi wa elimu.

Flenji ikitoka, ipitishe ukucha pale mdomo wa sili unapogusa. Ukucha ukinasa kwenye mtaro, sili yoyote utakayoweka itavuja, hata ikitoka Japani leo asubuhi. Kutu ya chumvi hufanya hivyo, na mchanga hufanya hivyo haraka zaidi. Badilisha flenji, au vika pete nyembamba ya chuma iliyotengenezwa kwa ajili hiyo ili mdomo upate uso mpya. Usiisugue kwa msasa mbaya ukadhani umeilainisha. Umeichorea njia mpya za oili.

Sili yenyewe haipendi nyundo. Linganisha namba yake na ya zamani, tazama upande wenye springi ndogo unaelekea ndani kwenye oili, paka grisi kidogo mdomoni ili isizunguke kavu mara ya kwanza, kisha isukume sawasawa kwa kipande cha bomba au ubao ulionyooka, ukigonga taratibu kuzunguka ukingo. Ikiingia upande, itoe na uanze upya. Na ile silikoni ya kumimina juu ya sili iliyovuja, iache dukani. Inaficha tone kwa safari moja, kisha inaondoka kwa vipande.

Kwa wale ambao sili yao ni ya gurudumu, hapa nakataa mzaha kabisa. Oili ya difu ikiingia kwenye dramu, hulowesha breki shuu, na shuu iliyokunywa oili haioshwi. Watu huimwagia petroli, wakaichoma kwa moto, wakaisugua, wakasema imekauka. Ikipata joto kwenye mteremko wa kutoka Mazeras kuja Miritini, oili iliyojificha ndani hutoka tena, na gurudumu hilo halishiki wakati malori ya makontena yako mbele yako. Badilisha shuu pande zote mbili za ekseli, kulia na kushoto, siku hiyo hiyo unayobadilisha sili. Usipokuwa na pesa za shuu, gari lisitoke.

Kurudisha oili: zilizo nyingi kati ya Land Cruiser na Hilux zinataka oili ya gia ya daraja GL-5, uzito wa 80W-90 au 85W-90. Jaza mpaka ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia, gari likiwa limesimama pasawa, kisha iache ichuruzike ziada. Usijaze kupita hapo ukidhani unaiwekea akiba.

Oili ya zamani nayo ina mwongozo wake, na watu wa Jomvu hatuna haki ya kutoujua. Hori letu lina mikoko, na mchu na mlilana hupumua kwa mizizi inayochomoza kwenye tope. Oili ikiifunika mizizi hiyo, mti hukosa hewa. Mwezi wa Aprili 2005 meli ya Ratna Shalini ilimwaga mafuta upande wa Port Reitz na mikoko ikafa kwa eneo kubwa. Owino Uhuru, ndani ya jimbo letu hili, watu walidhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Sasa wewe unataka kumwaga lita tatu za oili yenye salfa na vumbi la chuma kwenye mtaro unaoshuka horini kwa sababu mtungi umekosa kifuniko? Tafuta kifuniko. Itie oili kwenye mtungi, ipeleke kwa wanaokusanya oili chafu. Gereji nyingi za Changamwe zinawajua.

Mlipe fundi aliyeweka alama zaidi ya mlivyopatana, maana amekuokolea krauni. Kisha nenda Rabai na urudi, uache gari lipoe, ingia chini na tochi. Pima oili tundu la juu, gusa pua ya difu kwa tambara safi, gusa ndani ya kila tairi. Ukikuta tone, hata moja, rudi kwenye kipumulio kwanza, kabla hujamrudia mwenye duka la sili kumtukana.