Pamba Marufuku

Katika nchi inayolima pamba kuanzia Simiyu mpaka Tabora, mimi nimeandikiwa kwa herufi kubwa kwamba nisivae pamba. Si shati, si soksi, wala kile kivazi cha ndani ambacho mtu mzima haulizwi na mgeni. Skauti wenzetu wa Norway wamenialika, kama mlezi wa skauti wa shule yetu hapa Ikinga, wilayani Ileje, nikajifunze kuishi porini wakati wa theluji, mwezi wa pili, huko Finnmark. Sijafika, na wameshaanza kunivua.

Kinachoniudhi ni kwamba sababu wanazo. Pamba ikilowa jasho haikauki, inang'ang'ania mwilini na kukunyonya joto, ilhali sufu hata ikiwa na unyevu bado inakupasha. Kwa hiyo nitafute nguo ya ndani ya sufu, juu yake sweta la sufu, juu yake koti la kukinga upepo, na juu ya yote koti nene la manyoya ya bata. Nikishavikusanya vyote hivyo, ukurasa unaofuata wa maelekezo yao unaniambia nikianza kutembea nivue, kwa sababu adui mkubwa wa mtu kwenye baridi ni jasho lake mwenyewe. Mwendo, wanasema, unaanzwa ukiwa unasikia baridi kidogo. Baridi kidogo naisikia bure kila Julai, ukungu ukishuka kutoka milima ya Bundali na kugoma kuondoka mpaka saa nne asubuhi. Kwa hiyo hata viza sikuhitaji.

Majirani hawanionei huruma. "Wewe mtu wa Ileje, baridi umezaliwa nayo." Nawajibu kwamba huko Finnmark kuna mji unaitwa Karasjok ambako tarehe 1 Januari 1886 kipimo kilisoma nyuzi 51.4 chini ya sifuri. Friza ya samaki pale Tunduma inafika kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Natakiwa nilale mahali ambapo samaki wangeomba warudishwe kwenye friza. Wananisikiliza, wanatikisa kichwa, kisha mmoja anasema, "Utazoea."

Mpwa wangu, aliye kidato cha nne na anayejua kila kitu isipokuwa hesabu, ananitia moyo kwa habari za Philip Boit. Huyo ni Mkenya, mkimbiaji, aliyepelekwa Finland kujifunza kuteleza kwenye theluji, akashindana kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Akamaliza wa mwisho, wa 92, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri pale kwenye utepe ili amkumbatie. "Umeona, mjomba? Watakusubiri." Hayo ndiyo matumaini niliyonayo nyumbani kwangu.

Basi nikashuka Tunduma, bodaboda mpaka Itumba, kisha gari. Tunduma huhitaji kuelezwa: malori yamepanga foleni ya kuvuka kwenda Nakonde kana kwamba yamezaliwa hapo, na katikati ya honi mtu anakushika mkono akuuzie kitu usichokihitaji. Safari hii nilikuwa ninakihitaji. Kwenye mitumba nikakuta jaketi jekundu, zito, lina mifuko hata mahali ambapo mkono haufiki. Kwenye zipu kimening'inia kikaratasi kilichochakaa, kile wanachofungiwa watu waliolipa kupandishwa mlimani kwa mashine ili wateleze kurudi chini. Ndani ya kola kuna jina la mtu, limeandikwa kwa kalamu ya wino, lina ile herufi yao ya o iliyokatwa kwa mstari. Jaketi la kwao kabisa! Limevuliwa huko, limefungwa kwenye belo, limevuka bahari, limepanda lori mpaka mpakani, na sasa mimi nilinunue nilirudishe kwao kwa ndege, kwa nauli.

Muuzaji alianza na bei ya kibinadamu. Ndipo mwenzangu akaropoka kwamba naenda Ulaya. Bei ikapanda pale pale, tena kwa heshima. Nikaacha kuitwa "kaka" nikawa "bosi". Nilipouliza nguo ya ndani ya sufu, akanitazama muda. "Bosi, hiyo hatujawahi kufungulia belo." Akachakura, akanitolea kitu cha kubana chenye maua ya zambarau, kilichokuwa cha mama wa watu. Akasema ndani ya suruali nani ataona.

Viatu navyo viwe vikubwa kuliko mguu, nafasi ya soksi mbili na vidole vicheze, kwa sababu kiatu kinachobana kinazuia damu na mguu unaganda. Glovu ziwe zile zisizo na vidole, eti vidole vikikaa pamoja vinapashana joto. Sawa. Ugali nitaukatia nini?

Tuje kwenye kulala. Baridi inaua betri, kwa hiyo betri za tochi ya kichwani zilale nami ndani ya mfuko wa kulalia. Simu nayo. Chupa ya maji nayo, isije ikaganda. Soksi zilizolowa nazo, zikauke kwa joto la tumbo langu. Mke wangu, ambaye kwa miaka yote hii hakubali hata redio kitandani, aliisoma sehemu hiyo akacheka mpaka akakaa chini. Hakucheka alipofika kwenye bima. Viza ya Schengen ni euro 90, alama za vidole ukaziweke mwenyewe, na lazima uwe na bima ya angalau euro 30,000. Uhai wangu haujawahi kutajiwa bei hiyo. Akairudia ile namba, kisha akaniuliza kwa sauti ya upole sana kama jina la mrithi limeshaandikwa.

(Na asiniambie mtu nipande ndege Songwe, ni karibu. Uwanja wa Ndege wa Songwe uko Mkoa wa Mbeya. Sisi wenye mkoa wa Songwe tumebaki na jina, abiria wanashukia kwa jirani.)

Kuna usiku wa kulala kwenye pango la theluji tutakalochimba wenyewe, kwa sharti la kuacha tundu la hewa. Mzee mmoja hapa, aliyewahi kufanya kazi kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, alisikiliza maelezo yote akauliza swali moja tu: "Nguzo mnaweka?" Nikasema hapana. Akanyanyuka, akachukua fimbo yake, akaenda zake.

Begi linatakiwa lisizidi kilo 23. Nikalipeleka AMCOS, ushirika wetu wa wakulima, kwenye mizani ya kahawa, karani akaniambia kilo 31 na akataka kujua kama atoe unyevu. Makoti hayakuwa na tatizo. Tatizo ni shangazi. Katikati ya soksi ameshindilia maharage, unga wa mahindi, kahawa ya kuwapa wenyeji na nyama ya kukausha iliyofungwa kwenye magazeti. Kahawa sawa. Nikamweleza kwamba nyama ya kutoka huku hairuhusiwi kuingia kule, mkaguzi ataitupa. "Mkaguzi huyo," akasema, "hana shangazi?"

Nimepunguza maharage. Nyama nitaizungumzia usiku, akishalala.

Lakini linaloninyima usingizi halimo kwenye begi. Wanorwe wana kanuni zao tisa za milimani, na ya nane inasema ugeuke mapema, kugeuka si aibu. Kanuni nzuri. Aliyeiandika, hata hivyo, hakuwahi kuchangiwa na usharika. Nauli yangu imetangazwa baada ya ibada, majina yamesomwa moja moja, aliyetoa debe la mahindi, aliyetoa mkungu wa ndizi, aliyeahidi na hajaleta. Jogoo mmoja alinadiwa mara tatu. Kila aliyemnunua alimrudisha mezani anadiwe tena kwa ajili yangu, na mimi nimesimama mbele nikitabasamu na skafu ya skauti shingoni. Mtu wa namna hiyo anageukaje?

Nilimwuliza mwenyekiti wa kamati ya mchango, itakuwaje nikizidiwa na baridi siku ya pili. Alifikiri, maana ni mtu wa haki.

"Shukia Mpemba usiku," akasema. "Huku uje kwa mguu. Na jogoo utamlipa."