Baba Kaua Hamira

Jumamosi moja mama watoto alikwenda msibani Tanga, mtoto mchanga mgongoni, akaniachia nyumba, mtungi wa gesi na binti yetu wa miaka 5. Nikajipa ualimu. Si wanasema mtoto akiingia jikoni anajifunza hesabu na sayansi bila mwenyewe kujua? Basi leo maandazi.

Hesabu ilitushinda mapema. Nikamwambia tunataka nusu ya pakiti hii ya unga. Akaikagua pakiti, akauliza: nusu ya juu au ya chini? Jibu sinalo mpaka leo.

Nikakimbilia sayansi. Nikamweleza kwamba hamira ni viumbe hai, wadogo mno, wamelala. Ukiwapa maji ya uvuguvugu wanaamka, wanakula sukari, kisha wanatoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayoumua donge.

"Wanajamba?"

Adabu ilitaka nikatae, sayansi ilitaka nikubali. "Tuseme ndiyo."

"Kama babu."

Nikanyamaza. Babu mwenyewe ni baba mkwe wangu.

Sasa maji. Birika la chai lilikuwa limetoka kuchemka, nikaona ya nini kuhangaika, nikamimina hayo hayo kwenye hamira. Joto likipita nyuzi 60 hivi, hamira haiamki tena. Tukatia iliki na tui, tukakanda, tukafunika kwa kanga, tukangoja saa nzima. Binti akafunua, akabonyeza kwa kidole. Tundu la kidole likabaki limetutumbulia macho.

"Baba, umewaunguza."

Wakati huo huo jirani akachungulia mlangoni kuuliza kama mama amefika salama. Binti akaniwahi: "Mama yuko msibani. Na sisi tuna msiba. Baba kaua hamira."

"Poleni," jirani akasema, akaondoka upesi kuliko alivyokuja. Kufika adhuhuri nilikuwa nimepewa pole na watu hata nisiowajua.

Duru ya pili nilinyang'anywa uongozi. Binti akamimina maji kidogo kwenye bakuli, akachovya kiwiko, akatulia kama daktari. "Bado." Tukangoja. Akachovya tena. "Haya, sasa." Mimi sikumfundisha hilo. Kila jioni mama yake hupima hivyo maji ya kumwogesha mdogo wake, saa ambayo baba mtu nipo sebuleni natazama mpira.

Donge likaumuka mpaka likasukuma kanga. Karai la mafuta nilimkataza kulisogelea, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyobakiwa nayo. Yakatoka maandazi 23. Kugawa akagawa yeye: moja langu, moja la mama, moja langu, moja la mdogo wangu, moja langu. Mdogo wake hana hata jino moja, kwa hiyo hilo nalo akalitunza yeye.

Lile donge la kwanza nililikaanga usiku, peke yangu, kwa siri. Nilimaliza moja na nusu. Yaliyobaki niliwatupia kuku wa jirani, na asubuhi yake niliwakuta bado wanayazunguka.