Kuchunga Kitu Usichokiona

Mimi nimezaliwa kwenye boma la ng'ombe. Kitoweo ninachokielewa kina miguu minne na ukikiita kinaitika. Kosa langu ni moja: nilioa Majita, kando ya ziwa, na Mama Bhoke ameapa watoto wake hawatakulia Mugumu hii bila kujua kutia chambo kwenye ndoana. Ndiyo maana Jumamosi iliyopita, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa nyuma ya nyumba na jembe, nafukua nyungunyungu pale tunapomwaga maji ya vyombo.

Watoto walitaka twende Mto Grumeti. Nikawaambia Grumeti wanaoutaka wao uko ndani ya hifadhi, na askari wa huko hawana utani na mtu mwenye ndoana. Halafu mamba wa mto ule wanangoja nyumbu wapite kila mwaka. Sioni kwa nini sisi tukawe kifungua kinywa. Musoma nako nauli ya familia nzima inakaribia bei ya mbuzi. Tukaishia bwawa la Manchira, ambalo ndilo linalotuletea maji ya bomba. Yaani nimekodi bajaji kwenda kuyatazama maji ninayoyalipia kila mwezi.

Tulipofika ndipo nilipojua ndala yangu ya kushoto ilikokwenda. Asubuhi nimeitafuta chini ya kitanda mpaka nikagombana na mtoto wa watu anayetusaidia kazi. Kumbe Mama Bhoke ameikata vipande vinne, akatoboa tundu, akapitisha mshipi. Vinaelea vizuri, siwezi kukataa. Nikakaa nikaitazama ndala yangu ikicheza juu ya maji kwa saa tatu.

Kuvua ni kuchunga tu. Jua lile lile, fimbo ile ile, njaa ile ile niliyoikimbia nikaenda shule. Tofauti ni kwamba mnyama mwenyewe humwoni, huwezi kumhesabu, na jioni hujui kama amebaki au ameibwa. Nikapiga mluzi kidogo kujiliwaza.

"Baba Bhoke, unafukuza samaki."

Saa nne na ushee ndala ikazama. Mwanangu Mwita akavuta, akatoka sato! Mdogo, lakini sato. Mimi tayari namwona juu ya mkaa, na limao pembeni. Mama Bhoke akamlaza kiganjani, akampima kwa shubiri, akatikisa kichwa.

"Hajafika. Kwetu ziwani sato chini ya sentimita 25 havuliwi, ndiyo sheria."

"Hapa si ziwani."

"Yeye atajuaje?"

Mwita akamrudisha majini, na dada yake akampungia mkono. Nimehudhuria sherehe ambazo mbuzi aliyechinjwa alikuwa bado ananyonya, na hakuna aliyedai rula.

Mchana wakaja ng'ombe kunywa maji. Nikawahesabu bila kupenda: 41, na yule mwekundu anachechemea mguu wa nyuma. Wakatibua tope lote la ukingoni, kiboya kikalala ubavu. Kijana mchungaji akanisogelea kwa adabu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Akatazama mshipi, akatazama maji, akatutazama sote tulivyojipanga ukingoni tumekodoa macho.

"Poleni. Mmepoteza nini humo?"

"Jumamosi," nikamwambia.