Mzee wa Baraza na Kosa la Kuuliza Vizuri

Katika nchi zilizorithi sheria za Uingereza, raia asiye mwanasheria ameingia mahakamani kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni juri, yaani jopo la raia, ambao kwa kawaida huwa 12, wanaosikiliza kimya na kuamua wenyewe kama mshtakiwa ana hatia. Njia ya pili ni ile ya mzee wa baraza, anayeketi kando ya jaji, akasikiliza mashahidi wale wale, akatoa maoni yake kwa sauti, kisha akamtazama jaji akiamua apendavyo. Katika Kenya ya kikoloni juri lilikuwa haki ya Mzungu aliyeshtakiwa, ilhali Mwafrika alipangiwa wazee wa baraza, na mpango huo wa pili ndio uliodumu Afrika Mashariki baada ya uhuru. Kwa miongo mingi sheria iliitaka Mahakama Kuu ya Tanzania isikilize mashtaka makubwa, hasa ya mauaji, ikiwa na wazee wasiopungua wawili, na uzee huo ulikuwa wa cheo tu, kwa kuwa hata mama lishe ambaye bado ananyonyesha aliweza kuupata kwa barua moja.

Barua hiyo, inayoitwa hati ya wito, ndiyo iliyoanza kuleta balaa, kwani ilifika mtaani ikiwa na mhuri wa mahakama na kupitia mikononi mwa watu ambao hawakuona sababu ya kuficha walichokiona. Mwalimu mstaafu aliyeitwa kumshauri jaji aliweza kupita sokoni jioni akapewa pole, na mwenye duka akamdai deni lake lote siku hiyo hiyo, kwa hofu kwamba huko anakokwenda huenda asirudi.

Ndani ya ukumbi alikutana na adha nyingine, ambayo chanzo chake kilikuwa kalamu. Shahidi alieleza kwa Kiswahili, naye jaji, aliyetakiwa kutunza kumbukumbu za shauri kwa Kiingereza mpaka sheria ya lugha ya mahakama ilipobadilishwa mwaka 2021, alitafsiri kichwani na kuandika kwa mkono, neno kwa neno. Shahidi aliyefikia pale alipofungua mlango akakuta damu aliambiwa, "Subiri kidogo," na watu wote wakabaki mlangoni pamoja naye mpaka sentensi ifike mwisho wa mstari. Kwa mwendo huo, baada ya chakula cha mchana na feni ikizunguka taratibu juu ya joto la Desemba, kusinzia hakukuwa utovu wa nidhamu bali jambo la kimaumbile. Jambo la kutia moyo ni kwamba kumbukumbu za shauri haziandiki usingizi.

Zinaandika maswali, na hapo ndipo mzee makini alipojikuta hatarini kuliko aliyelala. Kifungu cha 177 cha Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 kilimruhusu kumuuliza shahidi maswali kwa idhini ya jaji, lakini Mahakama ya Rufani ilishikilia katika mashauri mengi kwamba maswali hayo yawe ya kupata ufafanuzi tu, yasiwe maswali ya dodoso, yaani yale ambayo upande mmoja humuuliza shahidi wa upande wa pili kwa nia ya kuuyumbisha ushahidi wake. Kumdodosa shahidi ni kazi ya mwenye upande, na mzee wa baraza hapaswi kuwa na upande. Mantiki hiyo ni safi kabisa, mpaka ijaribiwe kwa mtu mwenye akili.

Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba shahidi anadai alimtambua mshtakiwa saa tatu usiku kwa mwanga wa mbalamwezi, na kwamba mmoja wa wazee ni mvuvi wa Kilwa, ambaye maisha yake yote amepanga safari zake kwa bamvua na maji mafu. Mvuvi anainua mkono na kuuliza kwa upole, "Mwezi wenyewe ulikuwa wa ngapi?" Shahidi anajibu kwamba ulikuwa kama wa 27. Mvuvi anamtazama mzee mwenzake, kwa sababu kila aliyewahi kukesha baharini anajua kwamba mwezi wa 27 huchomoza alfajiri. Hilo ndilo swali ambalo Mahakama ya Rufani yenyewe, katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, ililitaka liulizwe, iliposisitiza kuwa utambuzi wa usiku upimwe kwa hali ya mwanga, umbali na muda. Hata hivyo, likitoka kinywani mwa mzee wa baraza, na jaji akaliandika chini ya alama ya dodoso, mwenendo mzima wa shauri ungeweza kubatilishwa na kesi ikaanza upya mbele ya jaji mwingine na wazee wengine. Mvuvi angerudi Kilwa akiwa ameharibu kesi kwa kuielewa.

Mzee aliyefiwa naye hakuwa salama, kwa kuwa aliyekosa siku moja ya ushahidi hakupaswa kurejea kitini na kutoa maoni juu ya maneno ambayo hakuyasikia, hata kama mwenzake aliyekuwepo angemsimulia yote njiani, tena kwa vionjo.

Baada ya ushahidi kufungwa, jaji alitoa majumuisho, yaani muhtasari wa ushahidi pamoja na maelezo ya hoja za sheria, kama vile nia ovu, ushahidi wa mazingira, na utetezi wa mshtakiwa kwamba siku ya tukio alikuwa kwingine. Akisahau hoja moja nzito, rufaa ilipata mlango. Wazee walisikiliza yote hayo kwa heshima, kisha mmoja akasimama na kusema, "Mheshimiwa Jaji, kwa maoni yangu huyu bwana ametenda," akaketi. Maoni hayo hayakumfunga jaji, na hivyo mzee alishirikishwa kama mjomba anayeulizwa juu ya posa ambayo mahari yake imeshapokewa. Kenya iliwaondoa wazee hao kwa sheria ya mwaka 2007, lakini kesi zilizokwisha kuanza ziliendelea nao. Mwaka 2009, katika kesi ya mauaji iliyomkabili mshtakiwa Tom Cholmondeley, wazee wawili walisema hana hatia, na jaji akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia.

Tukirudi Tanzania, mahakama ya mwanzo ilikuwa dunia nyingine kabisa. Huko, chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984, mzee alikuwa na kura kamili, na wazee wawili waliweza kumshinda hakimu, ambaye kwa kanuni zake alikatazwa kuwatolea majumuisho yale yale ambayo jaji alilaumiwa akiyaacha. Mzee aliyezunguka mahakama zote mbili asingelaumiwa kwa kudhani kwamba mojawapo inamtania. Na kwa kuwa hukumu ilipaswa kubeba saini yake, mzee aliyekwenda shamba kabla ya kutia saini aliweza kuivunja hukumu hiyo akiwa katikati ya palizi.

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022 yaliiondolea Mahakama Kuu ya Tanzania ulazima wa kuketi na wazee katika mashtaka makubwa, na hawakukosekana mawakili waliopumua. Katika mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya, hata hivyo, kanuni za mwaka 2003 zilikuwa zimeagiza kila mzee atoe maoni yake kwa maandishi, kwa Kiswahili akipenda, kabla mwenyekiti hajaandika hukumu, na Mahakama ya Rufani ikaongeza kwamba maoni hayo yasomwe mbele ya wadaawa, yaani pande zinazoshindana. Karatasi moja isiposomwa, mgogoro wa miaka mingi hurudishwa nyuma. Wadaawa hujikuta tena kwenye benchi lile lile, wakiwa na mvi zaidi na wazee wapya wanaouliza kiwanja chenyewe kiko wapi, ilhali kijana aliyeweka kibanda cha chipsi juu ya kiwanja hicho, ambaye si mdai wala mdaiwa, ameshafungua tawi la pili.