Pijo na Mwinuko wa Feri

Gari kuukuu likiugua Nairobi, ugonjwa huujua mwenyewe na fundi wake. Ukikaa Likoni huna siri. Kivuko kinavusha zaidi ya watu 300,000 kwa siku, wa miguu wanavuka bure, na macho wanayo wote. Ukishuka kwenye feri sharti upande ule mwinuko wa saruji hadi barabarani, pole pole, gia ya kwanza, klachi nusu. Hapo ndipo Pijo yangu ilipochagua pa kutetemekea.

Wala si mtetemo wa adabu. Klachi ikianza tu kushika, bodi nzima huruka mbele na kurudi nyuma kama mbuzi anayepandishwa dau kwa nguvu. Kifuniko cha dashibodi hufunguka chenyewe na karatasi za bima za miaka iliyopita zikamwagika miguuni. Kuna Jumamosi nilimbeba mama mkwe, ana sufuria ya masala ya biriani mapajani, anaipeleka harusini Mtongwe. Tulipofika katikati ya mwinuko alikuwa ameshapiga shahada na masala yameshafika kwenye buibui. "Mwanangu," akaniambia, kwa upole ulionitisha, "niteremshe hapa." Akajitwisha sufuria yake, akashika njia, na akatutangulia kufika juu.

Ushauri wa kuiuza nimepewa hata na makanga nisiowajua. Lakini Pijo 504 si gari la kutupwa hivi hivi. Ilizinduliwa Ufaransa 1968, mwaka uliofuata ikatawazwa Gari la Mwaka la Ulaya, na 1975 Ove Andersson akashinda nayo Safari Rally. Yangu, juu ya hayo, iliunganishwa hapa hapa Mombasa, kiwandani Miritini. Ni mzawa. Tena gari lililopita matope ya Safari, lishindwe na saruji ya Likoni?

Nikaipeleka gereji moja ya Shika Adabu, nikitumai mtaa wenyewe utaifunza. Fundi, kijana, akaizunguka, akaegemea buti, akatoa hukumu: "Klachi pleti imekwisha, mzee. Tushushe giaboksi."

Hakusema upuuzi. Klachi hutetemeka pleti ikiingiwa na oili inayovuja kwenye sili, au ikiungua uso, au flaiwili ikipata madoa ya joto: inashika, inateleza, inashika tena, haraka haraka. Ila 504 ina mambo yake. Propela imefichwa ndani ya bomba la chuma linalotoka giaboksi hadi difu. Giaboksi haivutiki mpaka bomba lisogee, na bomba halisogei mpaka uanze kufungua vitu vya huko nyuma ambavyo havikuwa na ugomvi na mtu. Haya fundi aliyagundua akiwa tayari chini ya gari. Kukawa kimya kirefu, kisha mkono mmoja ukachomoza. "Mzee, hebu tuma mtoto soda."

Soda ziliingia nyingi. Pleti mpya ikaja kwa basi kutoka Kirinyaga Road, Nairobi. Flaiwili ilibidi nivuke nayo mwenyewe hadi Changamwe, kwa mtu wa leithi, aikwangue uso. Makanga wa matatu akaujaribu mfuko wangu kuuinua, akaguna, akanidai nauli ya watu wawili.

"Kwani yapumua?" nikamuuliza.

"Yakalia kiti."

Ikafungwa, ikawashwa, ikatetemeka vile vile, sasa ikiwa na vifaa vipya vya kutetemekea. Fundi akahamia kwenye petroli chafu, akatoka huko akaingia kwenye plagi, mwisho akawa anautazama mguu wangu wa kushoto kwa jicho la shaka.

Kivulini alikuwako mzee mmoja akinywa kahawa, aliyewahi kuendesha Pijo za abiria za Lunga Lunga ujanani. Hakuna aliyemuuliza. Akaweka kikombe chini. "Fungueni boneti. Wewe kijana, kanyaga breki, tia gia, achia klachi kidogo kidogo."

Injini ikainuka upande mmoja, ikashuka, ikainuka tena.

"Mwaona? Injini yenyewe ndiyo yacheza. Klachi haina neno." Akapenyeza kidole chini akatuonyesha: raba ya mauntingi inayoishikilia injini ilikuwa imelowa oili miaka na miaka, imelegea, imepasuka katikati. Klachi ikishika, injini inajipinda. Ikijipinda, mshiko unalegea. Ikirudi mahali pake, unashika upya. Na ile miruko yote ndiyo hiyo.

"Hiyo nilikuwa naijia," fundi akasema.

Raba mbili mpya hazikufika bei ya soda. Jioni ile ile Pijo ilipanda kilima cha gereji bila hata kukohoa.

Mzee alikataa pesa. Alichotaka ni ile pleti ya zamani iliyotupwa kando ya pipa. Akaipangusa kwa ncha ya kikoi, akapima unene wake kwa ukucha. "Hino nzima. Ndugu yangu ana Pijo, itamfaa sana." Akaizungushia gazeti, akaitia kwapani, akaaga. Fundi akainama kutafuta spana, ile iliyokuwa mkononi mwake.