Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu: Turudishie Kipindi Kimoja

Mheshimiwa Waziri,

Najua mezani pako zipo barua nzito kuliko hii, kwa hiyo naomba radhi mapema kwa kukuchukulia muda. Mimi ni mwalimu wa sekondari msingi huku Karatina, Kaunti ya Nyeri, na ombi langu linahusu kipindi kimoja tu, cha stadi za maisha.

Niruhusu kwanza nitoe shukrani. Mwaka 2008 stadi za maisha ziliingia kwenye ratiba ya shule zetu kama somo linalojitegemea, na sekondari msingi ilipoanza mwaka 2023, lilihesabiwa miongoni mwa masomo ya lazima. Walioliweka waliona mbali. Sisi walimu ndio tuliolitupa mkono: kwa kuwa halikutahiniwa, kipindi chake kililiwa na hisabati. Hata mimi nilikila, na najuta. Kisha, kufuatia ripoti ya jopo la mageuzi ya elimu lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, masomo yakapunguzwa hadi 9 mwaka 2024, na stadi za maisha zikaingizwa ndani ya masomo mengine. Mzigo wa watoto ulikuwa mkubwa kweli, hilo sibishi. Ila kwa unyenyekevu wote, Mheshimiwa, kazi iliyokabidhiwa kila mwalimu haina mwenyewe.

Huku kwetu pengo hilo linauma. Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa kwa pombe haramu. Baa zilifungwa, misako ikafanywa, na tunaishukuru serikali. Lakini mwanafunzi wangu wa Gredi ya 8 hakutani na msako. Anakutana na rafiki yake nyuma ya kibanda, saa kumi jioni, mwenye kichupa cha plastiki au kifurushi cha majani ya muguka. Utafiti wa NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, katika shule za msingi ulionyesha kuwa mwanafunzi mmoja kati ya watano alikuwa amewahi kutumia angalau aina moja ya kilevi, zikiwemo dawa za hospitali zinazotumiwa vibaya.

Naomba nikusimulie jambo dogo. Muhula uliopita niliiba dakika 20 za somo langu tukafanya igizo. Mvulana mmoja alishika kifuniko cha soda, akajifanya anamshawishi mwenzake: "Onja tu, ama wewe ni mtoto wa mama?" Aliyeshawishiwa aliinamisha kichwa, akakosa neno. Tukarudia. Akakosa tena. Mara ya nne akasema, "Nimetumwa, shosho ananingoja," akaondoka zake. Darasa lilipiga makofi. Kijana huyu alijua vizuri sana kwamba pombe ni mbaya, tangu Gredi ya 4 tumemhubiria. Alichokosa ni maneno, na ujasiri wa kuyatamka mbele ya rafiki.

Sisemi kipindi chochote kitafaa. Mpango wa Unplugged, wa kuwafundisha wanafunzi kukwepa pombe na dawa za kulevya, ulipojaribiwa katika nchi 7 za Ulaya, ulipunguza ulevi miongoni mwa vijana. Ulipopelekwa Brazili, wanafunzi waliofundishwa wakaanza kunywa zaidi ya wenzao. Ndiyo sababu siombi ratiba peke yake. Naomba pia mwalimu aliyeandaliwa, na mafunzo yaliyopimwa hapa hapa, kwa watoto wa hapa, kabla ya kusambazwa nchini.

Zamani kazi hii ilikuwa ya kijiji: wazee wetu hawakuwapa vijana muratina, pombe yetu ya jadi. Kijana alijua zamu yake haijafika, na kijiji kizima kilimlinda. Kijiji hicho kimetawanyika, Mheshimiwa, na shule ndiyo mahali pekee ambapo watoto hawa wote wanakaa pamoja kila siku.

Kwa heshima kubwa, nakusihi: turudishie kipindi kimoja kwa wiki chenye jina lake kwenye ratiba, utuletee mafunzo ya kukifundisha, na uwaagize walimu wakuu wasiruhusu somo jingine likiguse. Nami naahidi sitakila tena.

Wako mtiifu,
Mwalimu, Karatina